Kuchora chumba kwa nukta moja ya kutokomea: anza na macho ya anayekaa humo

Mi ni fundi samani hapa Mbeya, nachonga makabati, vitanda, shelfu za TV, mbao zangu nyingi zinatoka Mafinga. Kuchora vyumba sikujifunza kwa ajili ya kupamba ukuta, nilijifunza kwa sababu ya mama mmoja niliyemtengenezea kabati la kutenganisha sebule na sehemu ya kulia chakula. Nilimchorea ramani ya kutoka juu kama zile ramani za nyumba, mistatili na vipimo vyote, nikamuuliza umeelewa mama, akasema nimeelewa mwanangu we endelea tu. Kabati likaja, mita 1 na sentimita 40 kwenda juu kama tulivyokubaliana, likafungwa, mi nimesimama pale naliangalia naona safi kabisa, dirisha la mbele linaonekana vizuri tu. Mama akakaa kwenye kochi lake, analoshonea vitambaa kila siku jioni. Akanyamaza muda. Afu akasema, fundi, mbona sasa naona mawingu tu, watu wanaopita barabarani siwaoni.

Nilichuchumaa pembeni yake nikaona anachoona yeye, na iliniuma sana. Vipimo havikuwa na kosa hata kimoja. Kosa lilikuwa kwamba hakuna mtu aliyekiangalia kile chumba akiwa amekaa, mpaka hela ya watu ilipokuwa imeshatumika. Tangu siku hiyo sikati mbao kabla ya kuchora chumba chenyewe jinsi jicho litakavyokiona, na hiyo ndo ntaielezea hapa, inaitwa pespektivu ya nukta moja. Haihitaji kipaji, ni rula na uvumilivu wa saa moja na nusu hivi kwa mara ya kwanza.

Tuanze na kitu ambacho macho yako yanakijua tayari. Kama umewahi kupita Sao Hill kwenye yale mashamba ya misindano, ukisimama katikati ya mistari miwili ya miti unaona inakaribiana karibiana mpaka inakutana mbele huko, wakati aliyepanda alipima nafasi ileile mwanzo mpaka mwisho. Pale inapokutana ndo nukta ya kutokomea. Na hiyo nukta haikai popote tu, inakaa kwenye usawa wa macho yako, ukichuchumaa inashuka na wewe, ukipanda juu ya lori inapanda. Hiki ndo kitu cha kukamata kuliko vyote nitakavyosema, kwa hiyo rudia kusoma kama hakijaingia: usawa wa macho ya anayetazama ndo unaoamua picha nzima.

Wazungu wa Italia walikaa na jambo hili karne ya 15, msanifu majengo Brunelleschi pale Florence akafanya jaribio la kulinganisha picha yake na jengo lenyewe kwa kutumia kioo, afu mwaka 1435 mwandishi Leon Battista Alberti akaandika kanuni za uchoraji huu kwenye kitabu. Lakini huhitaji kwenda mbali, maana nyumba nyingi huku kwetu zina picha ya Karamu ya Mwisho sebuleni, ile ya Yesu na wanafunzi wake mezani. Aliyeichora ni Leonardo da Vinci, ukutani kwenye chumba cha kulia chakula cha watawa kule Milan, kati ya 1495 na 1498 hivi. Chukua rula uiweke juu ya mistari ya dari, afu iweke kwenye kingo za juu za yale mapazia marefu ya ukutani kulia na kushoto, uifuate kila moja inakoelekea. Yote inaenda kwenye kichwa cha Yesu. Na kwenye ukuta wenyewe kule Milan kuna alama ya tundu la msumari pembeni ya jicho lake, inaaminika ndo alipofunga uzi wa kupigia mistari, kama sisi tunavyopiga uzi kwenye msingi. Ifanye hiyo kabla hujashika penseli, maana ukishaiona kwa mkono wako mwenyewe yanayofuata hayatakuwa mageni. Ila nakala nyingine za ukutani zimechorwa upya na zimekatwa kingo, kwa hiyo mistari yake ikikuyumbisha kidogo usishangae.

Vifaa ni vichache: karatasi ya A4, rula ya sentimita 30, penseli mbili, HB ya mistari ya kuanzia na 2B ya kukolezea, raba nzuri isiyochafua, na kichongeo. Karatasi ibandike kwenye kipande cha hadibodi kwa selotepu pembe zote nne, isicheze. Penseli ichongwe mpaka iwe kali kabisa, maana hapa unene wa mstari unakupotezea vipimo. Mistari ya mwanzo iguse karatasi tu usikandamize, nusu yake utaifuta.

Chumba chetu cha mfano ni kama kile cha yule mama. Upana mita 4, dari iko mita 3, kwa urefu kinaenda zaidi ya mita 6, mtazamaji amesimama mita 6 kutoka ukuta wa mwisho na sisi tunachora mita 4 za mwisho za chumba, zile zilizo mbele yake. Skeli ni sentimita 2 kwa kila mita 1 kwenye ule ukuta wa mwisho. Nimepanga namba zikae kwenye A4 bila kutoka nje, kwa hiyo mara ya kwanza zifuate hivihivi.

Karatasi ilale. Pima sentimita 11 kutoka ukingo wa chini, kushoto na kulia, unganisha, huo ndo mstari wa macho, unavuka karatasi yote. Kwenye huo mstari pima sentimita 14.5 kutoka ukingo wa kushoto uweke kitone, hiyo ndo nukta ya kutokomea. Ona siyo katikati ya chumba kamili, imesogea kushoto kidogo, na nimefanya makusudi kwa sababu ukiiweka katikati kabisa kuta zote mbili zinafanana na picha inakuwa kama boksi la viatu.

Sasa ukuta wa mwisho. Mtu aliyesimama macho yake tuseme yako mita 1.6 kutoka sakafuni, kwa skeli yetu hiyo ni sentimita 3.2, kwa hiyo sakafu ya ukuta wa mwisho iko sentimita 3.2 chini ya mstari wa macho, na dari iko sentimita 2.8 juu yake. Jumla 6, ambayo ndo mita 3 zako. Kwa upana, kona ya kushoto iko sentimita 11 kutoka ukingo wa kushoto wa karatasi na kona ya kulia iko sentimita 19. Chora huo mstatili. Ni 8 kwa 6, utauona mdogo sana katikati ya karatasi na utataka kuukuza, usiukuze.

Weka rula kwenye nukta ya kutokomea, ipite kwenye kona moja ya mstatili, vuta mstari kuanzia kwenye kona kwenda nje kuelekea ukingo wa karatasi. Fanya hivyo kona zote nne. Hapohapo chumba kinafunguka, una sakafu, dari na kuta mbili. Wengi nikiwaonesha wanafurahi hapa na wanaanza kuchora makochi moja kwa moja, na hapa ndo wanapoharibu, kwa sababu bado hujui mita moja inaishia wapi. Bila hiyo unakisia, na mteja hanunui kukisia.

Kwa hiyo tupime kina. Hii sehemu isome polepole na ukiwa unafanya, ukiisoma tu bila penseli haitaingia. Mstari wa chini wa ukuta wa mwisho urefushe kwenda kushoto, mwepesi kabisa, mpaka karibu na ukingo wa karatasi. Kuanzia kona ya kushoto ya ukuta weka alama kila sentimita 2, alama nne. Zitaangukia sentimita 9, 7, 5 na 3 kutoka ukingo wa kushoto. Hizo ni mita 1, 2, 3 na 4 za kuja upande wako. Afu panda kwenye mstari wa macho, uweke kitone kingine sentimita 12 kushoto kwa nukta ya kutokomea, kitakuwa sentimita 2.5 tu kutoka ukingo. Hii mi naiita nukta ya kupimia. Kwa nini 12? Kwa sababu mtazamaji yuko mita 6 kutoka ukuta wa mwisho, na mita 6 kwa skeli yetu ni sentimita 12, hakuna siri nyingine.

Sasa rula kutoka nukta ya kupimia, ipite kwenye alama ya kwanza, iendelee kushuka mpaka ikutane na ule mstari wa kona ya sakafu na ukuta wa kushoto. Weka kitone. Alama ya pili hivyohivyo, ya tatu, ya nne. Una vitone vinne kwenye kona ya sakafu, kutoka kila kitone vuta mstari uliolala sambamba na mstari wa macho mpaka ufike kona ya kulia. Hakiki na namba zangu: kutoka mstari wa macho kushuka chini, mstari wa mita 1 uwe sentimita 3.8, wa mita 2 uwe 4.8, wa mita 3 uwe 6.4 na wa mita 4 uwe 9.6. Umeona mita ya mwisho ilivyonenepa, peke yake imekula sentimita 3.2 wakati ile ya karibu na ukuta haifiki hata 0.7, na zote ni mita moja. Jicho lako linaona hivyo kila siku ila ubongo unakwambia zinalingana, ndo maana mtu akichora kwa kukisia tailizi zake zote zinatoka saizi moja na sakafu inaonekana imesimama kama ngazi.

Malizia gridi: kwenye mstari wa chini wa ukuta wa mwisho weka alama kila sentimita 2, afu kutoka nukta ya kutokomea vuta mistari ipite kwenye alama hizo kuja mbele. Sakafu imegawanyika miraba, kila mraba ni mita 1 kwa 1. Kuna kipimo kimoja kizuri sana cha kujua kama umepatia: weka rula kutoka pembe ya mraba wa mbele kulia kwenda pembe yake ya nyuma kushoto, ukiirefusha ipite miraba yote ya mshazari na iende kuishia palepale kwenye nukta ya kupimia. Isipofika hapo kuna mstari umeteleza, utafute sasa hivi kabla hujaendelea, mi nimewahi kupuuza milimita 2 hapa nikaja kufuta meza nzima.

Kabati sasa. Lina upana wa mita 2 kuanzia ukuta wa kulia, uso wake uko kwenye mstari wa mita 2. Kwenye sakafu hesabu miraba miwili kutoka kulia kwenye mstari huo, hapo ndo linakokanyaga. Kimo ni mita 1.4, na kimo huwa tunakipima kwenye ukuta wa mwisho peke yake kwa sababu huko ndo skeli ni ya kweli: kwenye kona ya kulia ya ukuta wa mwisho pima sentimita 2.8 kutoka sakafuni, weka alama, afu kutoka nukta ya kutokomea vuta mstari upite kwenye alama hiyo uje mbele juu ya ukuta wa kulia. Sasa kutoka pale mstari wa mita 2 unapogusa ukuta wa kulia simamisha mstari wima, utakapokutana na ule mstari wa kimo ndo juu ya kabati. Vuta mlalo kwenda kushoto, shusha wima upande wa pili, una uso wa kabati wa sentimita 6 kwa 4.2. Unene wa sentimita 40 unaenda nyuma, kila pembe inaelekea nukta ya kutokomea, na mwisho wake unaupata kwa nukta ya kupimia ileile, alama iwe sentimita 3.2 kutoka kona ya kushoto, yaani mita 1.6 kutoka ukuta wa mwisho, mita 2 ukitoa sentimita 40.

Na angalia kitu: juu ya kabati pako sentimita 0.6 chini ya mstari wa macho, kwa hiyo unaona uso wake wa juu kidogo, utepe mwembamba. Kitu chochote kilicho chini ya mstari wa macho unaona juu yake, kilicho juu ya mstari unaona chini yake au huoni kabisa. Dirisha nalo lichore kwenye ukuta wa mwisho, hilo ni rahisi kwa sababu ukuta ule unakutazama uso kwa uso, vipimo ni vya skeli tu, kuanzia mita 1 mpaka mita 2.2 kutoka sakafuni, nyuma ya kabati palepale.

Mlango wa ukuta wa kushoto unafuata njia ileile, kimo cha mita 2 ni sentimita 4 kwenye kona ya kushoto ya ukuta wa mwisho, kisha mstari kutoka nukta ya kutokomea, upana unausoma kwenye gridi ya sakafu. Taa ya katikati ya dari tuliyoichora, zile mita 4, ipate kwa kupiga msalaba wa pembe kwa pembe kwenye dari hiyo, pale mishazari inapokatana ndo katikati, ila usipime nusu kwa rula maana nusu ya rula siyo nusu ya jicho. Meza ya duara iwekee mraba kwanza afu uchore duara humo ndani ukigusa pande zote nne.

Kuna njia ya mkato ninayoipenda sana kwa fanicha ndogo. Kwa sababu mstari wa macho uko mita 1.6, popote ndani ya chumba umbali kutoka sakafu mpaka mstari huo ni mita 1.6. Popote, mbele au nyuma. Kwa hiyo meza ya sentimita 80 inafika nusu ya huo umbali pale ilipokanyaga, na kitako cha kochi cha sentimita 40 kinafika robo. Ukitaka kuweka mtu aliyesimama wa kimo kama chako macho yake yanakaa juu ya mstari, awe mlangoni au pale dirishani. Hapo huhitaji hata kupima.

Mita ya nne iache tupu au weka kapeti tu. Ukiweka kochi pale, hasa pembeni kulia, litatanuka kama limevutwa, siyo kosa lako, ni kwamba mtazamaji yuko karibu sana na upana huo ni mkubwa kwa jicho. Ukitaka picha tulivu zaidi msogeze mtazamaji mbali, yaani nukta ya kupimia iende mbali zaidi, itatoka nje ya karatasi, basi utaweka kitone kwenye kipande cha karatasi ulichobandika pembeni. Na kiti kilichokaa upande upande usikichore leo, hicho kina nukta zake zingine kwenye mstari uleule wa macho, kinyooshe kwanza. Mistari yote iliyosimama ibaki wima na ile inayolala sambamba na ukuta wa mwisho ibaki imelala, inayokimbilia kwenye nukta ni ile inayokwenda mbali na wewe tu.

Futa gridi, koleza kwa 2B vitu vya mbele na vya nyuma viache vyepesi. Anayekaa huku Mbeya anaijua hii bila kufundishwa, asubuhi ya ukungu mti wa karibu ni mweusi na mlima Loleza unakuwa kama kivuli.

Ukimaliza usimpelekee mteja bado. Chukua karatasi nyingine, chora chumba kilekile, ila safari hii mtazamaji amekaa kwenye kochi palepale, macho yako mita 1.2. Mstari wa macho uweke sentimita 8.6 kutoka ukingo wa chini, sakafu ya ukuta wa mwisho sentimita 2.4 chini yake na dari 3.6 juu yake, vingine vyote vibaki, nukta ya kutokomea 14.5, ya kupimia 2.5. Mistari ya sakafu itakuwa 2.9, 3.6, 4.8 na 7.2 kutoka mstari wa macho. Weka kabati lilelile la mita 1.4 kwenye mstari uleule wa mita 2.

Juu yake sasa pako sentimita 0.6 juu ya mstari wa macho. Ule utepe wa juu umepotea. Ukifuata ukingo wake mpaka kwenye dirisha, unakata dirisha mita 1.5 kutoka sakafuni, na kwa vile unatazama kupita juu ya usawa wa macho, nje huko huoni mtu wala barabara, ni mawingu na vilele vya miti tu. Vipimo ni vilevile, kilichobadilika ni sentimita 40 za mtu kukaa.

Kabati la yule mama nililifungua nikalipunguza mpaka mita 1 kamili, kwa gharama yangu, likawa chini ya macho yake akiwa kwenye kochi. Sasa nikienda kupima kwa mteja, kabla ya futi kamba namuomba anioneshe anapokaa jioni, nakaa hapohapo, na kimo cha kwanza ninachoandika kwenye daftari ni cha macho yake kutoka sakafuni.